Sifa za Choa

Simba amesifiwa kwa nguvu zake, nyuki kwa bidii yake na tausi kwa fahari ya manyoya yake. Lakini choa, ambacho kimeishi na binadamu kwa ukaribu kuwapita wote watatu, hakijapata msifu hata leo, nami niliyekaa miaka mingi chini ya milima ya Uluguru, ambako kinafahamika vema darasani na zizini, naona ni dhuluma kuendelea kukinyima haki yake.

Fadhila yake kubwa ni adabu ya kula. Mbu, kupe na chawa hunyonya damu ya mwenyeji wao bila haya, ilhali choa huridhika na tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa, pamoja na nywele na kucha, vitu ambavyo mwenyewe huvikata na kuvitupa bila majonzi. Damu hakiitaki, wala nyama hakiiombi. Ikiwa ngozi inawasha na kuiva wekundu, sehemu kubwa ya lawama ni ya mwili wenyewe, ambao kwa ukali wake humfanyia ghasia mgeni aliyekuja kuokota makombo. Na kwa kuwa choa huanza na kitone kimoja, kisha hutanuka pande zote kwa mwendo mmoja huku ngozi ya katikati ikirejea katika hali yake, mwalimu wa hesabu asiyeweza kuchora duara ubaoni bila kamba atauona mfano mzuri kwenye shingo ya mwanafunzi wake.

Waluguru tangu kale wamehesabu ukoo na ardhi kwa upande wa mama, na daawa za mashamba ya Mgeta na Matombo zimewachosha wazee wengi. Mirathi ya choa haihitaji shahidi wala kadhi. Hutoka kwa ndama kwenda kwa mchungaji, kwa paka kwenda kwa bibi anayempakata, kwa mtoto wa shangazi kwenda kwa mtoto wa mjomba, na hata mbuzi wa maziwa wa Mgeta, ambao mbegu yao ilitoka Norwei, hakiwabagui kwa ugeni wao. Pasipo mtu wa kukirithi, mbegu zake hungoja miezi, na pengine miaka, kwenye mbao za zizi. Huko mjini, mashine moja ya kinyozi isiyosafishwa hukikutanisha kichwa cha mtoto wa hakimu na kichwa cha mtoto wa mchukuzi wa sokoni, na baada ya wiki chache wote wawili wana mapunye yaleyale. Usawa huo umehubiriwa majukwaani kwa muda mrefu, lakini kinyozi ameutimiza kwa malipo madogo.

Elimu nayo ina deni kwa choa. David Gruby, tabibu aliyetoka Hungaria akafanya kazi Paris, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba maradhi ya ngozi ya kichwa kama mapunye husababishwa na kuvu, kabla Pasteur hajaushughulisha ulimwengu na vijidudu vyake. Tena, ukarimu ulioje! Dawa ya griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 na kuanza kuwatibu watu karibu na mwaka 1958, ilitolewa katika kuvu nyingine, jamaa ya mbali ya choa. Wazazi wetu hawakukosa kuulipa wema huo: tabibu huagiza vidonge vya wiki nyingi, nao, mara nywele mbili tatu zinapochipua, huvificha kabatini na kurudia mafuta ya taa, ili choa kisije kikakosa makao.

Insafu yanilazimu kumtaja jamaa yake asiye na adabu kama yake. Katika korongo la mto Kihansi, milimani Udzungwa, mkoani humuhumu Morogoro, waligunduliwa mwaka 1996 vyura wadogo wa manjano, wanaozaa watoto hai, na ambao maskani yao duniani yalikuwa eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalikuwa yamekwisha kuzuiwa kwa bwawa na kugeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, na vyura wapatao mia tano wakasafirishwa Marekani kutunzwa. Mabomba ya manyunyu yakawekwa korongoni badala ya maporomoko, na mwaka 2003, kuvu ya kitridi, ndiye jamaa huyo, ilipoonekana ngozini mwa vyura waliobaki, wakaanguka kwa maelfu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba korongoni hawapo tena. Waliolelewa ng'ambo walianza kurejeshwa nchini mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wakaachiwa kwao. Tangu hapo kila mazungumzo ya msiba ule huitaja kuvu kwa sauti kubwa na bwawa kwa sauti ya chini, ingawa katika wote waliokuwa na mkono katika jambo lile, kuvu peke yake ndiyo ambayo haikupata hata taa moja ya umeme.