Ombi la Kusajiliwa kwa Chemchemi ya Muthurwa

Kwa Mkubwa wa Ofisi Inayohusika na Mito, Mabomba au Barabara (yeyote atakayekubali kuipokea barua hii),
Nairobi.

KUH: CHEMCHEMI YETU

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Muthurwa, upande wa wauza vitunguu. Natumai u mzima na viatu vyako vi vikavu. Sisi tuko ndani ya gambuti, ingawa jua linawaka na mvua tumeshaisahau.

Nakuandikia kuomba chemchemi yetu isajiliwe kuwa urithi wa taifa. Iko kando ya njia ya mikokoteni, pale bomba la majitaka lilipopasuka na mfuniko wake ukaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Haikauki. Hata Januari, vijito vya watu wengine vikibaki mawe matupu, yetu hububujika mchana kutwa.

Kusini mwa Uingereza kuna vijito vinavyotoka kwenye miamba ya chaki, kama vile Test na Itchen, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuvitazama. Mvua huzama ndani ya mwamba, ikakaa humo, kisha ikatoka polepole chemchemini. Ndiyo maana vijito hivyo havifuriki ovyo wala havikauki upesi, na maji yanapotoka ardhini huwa karibu na nyuzi 10 kiangazi na kipupwe. Sisi tumewapita. Chanzo chetu si mvua bali wananchi, na wananchi hawana msimu. Rutuba imo tele, nadhani kuliko inavyohitajika. Tofauti ni ndogo tu: kule unaziona kokoto chini ya maji. Nasikia siku hizi kampuni za maji za huko nazo humwaga majitaka mitoni. Wamechelewa, lakini karibu.

Usije ukadhani hatukujaliwa kijito halisi. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ambako maji hupanda kutoka ardhini chini ya mkeka wa mimea unaoelea; ukiukanyaga, unatikisika. Kutoka huko mto huteremka kwenye udongo mwekundu unaokunywa mvua, ukapita Chiromo na Globe, hadi Kamukunji na Gikomba. Huku kwetu udongo ni mweusi, unanata, na ukishashiba hauongezi hata tone. Watu wa reli waliopiga kambi hapa mwaka 1899 waliupenda uwanda huu kwa kuwa ulikuwa tambarare, pa kupumzikia kabla ya reli kuanza kupanda mlima. Kwamba ulikuwa kinamasi, hilo walituachia sisi. Kwa hiyo maji ya chemchemi yetu hayazami popote. Yanazunguka kati ya magunia, yanaosha miguu ya wateja, kisha yanajitafutia njia ya kuteremkia mtoni.

Viumbe pia vipo, Mheshimiwa. Bakteria wanapoyala majitaka hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi, na nafasi yao ikachukuliwa na minyoo myembamba myekundu inayojua kuishi na hewa haba. Juu wanazunguka kongoti, ndege wenye vipara na sura za maafisa waliostaafu, wakikagua taka. Kati ya wote wanaoitwa wakaguzi, hao ndio tunaowaona.

Sasa tuje kwenye sheria. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto uachwe wazi. Chemchemi yetu ikisajiliwa, vitunguu vyangu vimo mtoni, steji ya matatu imo mtoni, na kile kibanda tunapolipia ushuru kila asubuhi kimo mtoni. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, watu wa Mathare walifundishwa habari za ukingo kwa tingatinga. Tingatinga lilijua kupima nyumba ya mabati iko umbali gani na maji. Sijasikia limewahi kutumwa kupima umbali kati ya maji na bomba lililopasuka.

Sisemi hakuna aliyejaribu. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliufanya mto huu upumue kidogo, na bustani karibu na Globe ina jina lake. Mwaka 2022 tukapewa Tume ya Mito ya Nairobi. Machi 2025 ukazinduliwa mpango mkubwa wa kuufufua mto. Vijana wanazoa plastiki, miti inapandwa, kingo zinasafishwa, na picha zinapendeza. Nyuma ya picha, chemchemi yetu inaendelea na kazi yake bila likizo. Ukiosha kingo na kuacha mabomba, umeutengenezea mtaro wa majitaka bustani.

Basi chagua moja. Tupe cheti cha urithi tukitundike hapa sokoni, au tuletee fundi, bomba jipya na mfuniko. Mfuniko uwe wa zege. Wa chuma tunajua utaishia wapi.

Wako mtiifu,
Muuza vitunguu, Muthurwa

Nakala: Wakazi wa Makueni na Malindi, wanaopokea maji haya baada yetu kupitia mito ya Athi na Sabaki.