Kungojea Maji Kupwa Bonaire

Mimi ni mzaliwa wa Amu, na kwa kuwa nyumba ya marehemu baba yangu haikuwa mbali na gati, nilikuwa nikiamini, tangu nilipopata akili mpaka nilipopata mvi, kwamba hakuna kiumbe awezaye kunifundisha jambo lihusulo bahari. Imani hiyo sikuificha. Niliitangaza barazani, niliitangaza harusini, na mpwa wangu akaaye Rotterdam aliponiarifu kwamba yeye na mkewe wameazimia kutualika, mimi na mke wangu, tukapumzike siku kumi katika kisiwa cha Bonaire, bahari ya Karibi, mahali ambapo watu huenda kutoka pembe zote za dunia kwa ajili ya kulala kifudifudi juu ya maji na kuwatazama samaki, nilimjibu kwa barua ndefu ya shukrani, nikamuonya asitafute mwalimu wala msaidizi, kwani mjomba wake alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Laiti barua hiyo ingepotea njiani.

Bonaire ni kisiwa kikavu chenye miti ya miiba na mbuzi wengi, kiasi cha kilomita 80 kutoka pwani ya Venezuela. Ni milki ya Uholanzi, na tangu mwaka 2010 kimehesabiwa kuwa ni sehemu ya nchi hiyo yenye utawala wake mahsusi, ingawa fedha ipitayo mikononi ni dola ya Marekani na lugha ya vinywani ni Papiamentu, iliyochanganya Kireno, Kihispania, Kiholanzi na maneno ya Afrika. Nami mtu wa Kiswahili sina uso wa kuidharau lugha kwa sababu imechanganya damu. Huko hakuna kaskazi wala kusi. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, hata miti mingine imelalia upande mmoja kama wazee wanaosikiliza siri, na kwa hiyo pwani ya magharibi hutulia kama maji ya sinia, nayo ndiyo waendayo waogeleaji. Kando ya barabara yamepangwa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe na jina la mahali pa kuingilia majini.

Msiba wa kwanza uliletwa na elimu yangu. Asubuhi ya pili tulifika penye jiwe mojawapo, mpwa wangu akaanza kushusha vyombo garini, nami nikayatazama maji kwa jicho la nahodha, nikainua mkono, nikaamuru asiingie mtu. Maji, nilisema, yamejaa. Tungoje yapwe, matumbawe yakaribie, tuone vizuri bila taabu. Tuliketi mchangani toka saa mbili hadi saa tano. Nilitumia muda huo kuwafahamisha habari za bamvua na maji mafu, na hesabu ya mwezi, na namna marehemu babu yangu alivyoweza kujua saa kwa kutazama nguzo za gati. Niliweka hata kijiwe ukingoni mwa maji kiwe alama. Wageni walikuja, wakaingia, wakatoka, wakajifuta, wakaenda zao, wakaja wengine. Kijiwe changu hakikufunikwa wala hakikuachwa.

“Mjomba,” mpwa wangu alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba, “uniwie radhi. Bahari hii haipwi.”

Na kweli haipwi, au hupwa kwa jina tu: tofauti ya kujaa na kupwa kwake haipati hata dhiraa moja, ambapo kwetu maji ya bamvua hupita kimo cha mtu mzima. Nilimwambia kwamba bahari isiyopwa ni birika. Mke wangu, ambaye saa tatu zile hakutia neno, aliinuka akakung'uta mchanga. “Basi tuingie birikani, Bwana, kabla hatujaiva.”

Vyombo vya kuingilia ni vitatu: mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, bomba la kupumulia ambalo ncha yake moja huumwa kwa meno na ya pili hubaki juu ya maji, na kioo cha kufunika macho na pua, ambacho mke wangu alikiita barakoa, na jina likashika. Kabla ya kuvaliwa, barakoa hiyo hutemewa mate ndani, yakasuguliwa kwa kidole, kioo kisipate ukungu. Mimi nimelelewa kwamba mate ni kitu cha kusitiriwa, na kumwona mkwe wangu, binti wa Kiholanzi mwenye adabu zake, akitema kwa taadhima kama anayetia marashi, kulinifadhaisha, nikakataa. Baada ya dakika tatu nikawa naogelea ndani ya wingu.

Lakini ukungu ulikuwa ndiyo nafuu. Sharubu zangu, ambazo nimezitunza tangu mwaka niliooa, na ambazo hata maadui zangu wamekiri kuwa ni nzuri, ziliinua ukingo wa barakoa kiasi cha unywele tu, na pahala papitapo unywele ndipo yapitapo maji. Yakaingia kidogo kidogo, kwa ustaarabu, yakafika puani. Mpwa wangu alinieleza kwamba dawa ni mbili, kupaka mafuta mazito juu ya mdomo au kunyoa. Nikapaka mafuta. Ya pili niliiona ni matusi.

Kutembea na yale mapezi nako kuna sheria yake: mtu huingia kinyumenyume. Mimi niliingia kwa kwenda mbele, kwa hatua za mtu anayekwenda kutoa hotuba, na hatua ya nne ikakanyaga pezi la hatua ya tatu. Sitaeleza zaidi.

Hata hivyo nilifika. Nikalaza uso majini, na tazama! Chini yangu palikuwa na matumbawe ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo, na mengine yaliyoinuka kama pembe za kulungu, na baina yake samaki wa samawati, wa manjano, wa zambarau, wakipita makundi kwa makundi kama watu watokao msikiti wa Ijumaa. Na ng'amba mmoja akapiga makasia yake polepole bila ya kunijali. Mtu aliyelelewa Uswahilini akiona ajabu ya Mwenyezi Mungu hafanyi ila jambo moja, akadiriki kulifanya hata kabla ya kufikiri. Nilifungua kinywa nikasema, “Subhanallah!”

Bomba lilitoka, bahari ikaingia.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba taabu yangu haikuwa ya kuogelea. Miguu yangu ilikuwa salama na mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Kilichonishinda ni kunyamaza. Kila samaki mpya alinidai tamko, na kila tamko lilinigharimu kikombe cha maji ya chumvi: “Mashallah” moja kwa pweza aliyebadilika rangi mbele ya macho yangu, “Lahaula” moja kwa mkunga aliyetoa kichwa pangoni na kunionyesha meno, na kwa mzia mmoja, mrefu kama mkono wangu, aliyenisindikiza kwa utulivu wa mdai, nilisoma kitu kirefu zaidi, nikatolewa majini nikikohoa. Mke wangu hakumeza hata tone. Yeye hana sharubu, na si mtu wa maneno mengi.

Niliwaona pono pia, wengi na wakubwa. Sisi tumemfanya pono kuwa mithali ya usingizi, na ni kweli kwamba baadhi yao wakilala usiku hujifunika joho la ute. Lakini pono wa mchana ni mfanyakazi wa shokoa. Hutafuna miamba ya matumbawe kutwa, na ukinyamaza (mkwe wangu alisisitiza neno hilo) utasikia meno yake yakikwaruza. Auma jiwe, alisaga, ala kilichomo, kisha mabaki huyatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Nilipoambiwa kwamba sehemu isiyo haba ya mchanga wa fukwe zile hupatikana kwa njia hiyo, nilikumbuka zile saa tatu nilizoketi nikifundisha habari za mwezi, na nilichokuwa nimekikalia.

Kuna kiumbe mweusi, mwenye miiba mirefu kama nungunungu, akaaye katika nyufa za mawe. Mwaka 1983 uliingia ugonjwa katika bahari ya Karibi, ukaanzia upande wa Panama, na katika muda wa mwaka mmoja na ushei ukawaua zaidi ya tisa katika kila kumi, na wenye maarifa wanahuzunika mpaka leo, maana hao ndio waliokuwa wakila magugu yanayoyasonga matumbawe. Mimi niliyavua mapezi mapema kwa ajili ya kiburi, nikashusha mguu, nikamkanyaga mmoja katika waliosalimika. Kwetu dawa inajulikana na kila mtoto, ni utomvu wa papai bichi. Mpwa wangu alikimbia dukani akaleta papai, lilikuwa bivu. Tukalila, na mguu ukatiwa siki.

Habari ya punda sikutaka kuiandika, lakini mke wangu amesema nisipoiandika ataisimulia mwenyewe, na yeye huisimulia vizuri zaidi. Punda waliletwa Bonaire na Wahispania zama za kale kwa ajili ya kazi, kazi ikaisha, punda wakabaki, na leo mamia yao huzurura wapendavyo. Tena iko desturi kwamba mtu aendaye kuogelea hafungi gari wala hapandishi vioo, wala haachi kitu cha thamani ndani, ili mwizi asipate sababu ya kuvunja. Tuliacha chapati kumi na mbili zilizopikwa alfajiri, na kofia yangu ya vito. Tulipotoka majini, kichwa na shingo vilikuwa ndani ya gari, vilivyobaki vilikuwa nje. Nikawaambia wenzangu wasihangaike, kwani mimi ni mtu wa Amu, na Amu punda ndiye gari letu. Nikapiga ukemi ule ambao punda yeyote wa kwetu akiusikia husogea. Yule alinigeukia polepole, kofia ikining'inia mdomoni, akanitazama kama karani amtazamavyo mtu aliyekuja dirisha lisilo lake, akaendelea kutafuna. Kofia ile ilishonwa kwa muda wa miezi minne. Yeye aliimaliza, naapa, kabla sijafika barabarani kwa mguu wangu mbovu.

Siku ya saba tulikwenda kusini, penye mashamba ya chumvi, ambako maji ni ya waridi na heroe husimama humo kwa mguu mmoja. Pwani, mahali ambapo watu huingilia majini, vimesimama vibanda vidogo vya mawe vilivyojengwa mnamo 1850 kwa ajili ya watumwa waliochota chumvi ile, miaka kumi na mitatu kabla Uholanzi haijawaacha huru mwaka 1863. Niliingia kimoja kwa kutambaa, na nilipojaribu kuinuka nikagonga kichwa, kwa kuwa mtu hasimami humo. Waogeleaji walikuwa wametundika mataulo ukutani. Nilitoka nikakaa kando. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani ambayo nayo iliuza watu na kununua watu, sikuwa na la kumwambia yeyote. Siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyoogelea bila kumeza maji.

Kesho yake nilikutana na mtu wa kwetu. Alikuwa chini ya mwamba, mwenye milia myekundu na myeupe, mapezi yametandazwa kama manyoya ya jogoo aliyekasirika: samaki-simba, ambaye asili yake ni bahari ya Hindi na Pasifiki, wala hakuwako Karibi. Inasemekana wafugaji wa samaki wa Florida waliwamwaga baharini, na mwaka 2009 wakafika Bonaire, wakaanza kuwameza samaki wadogo wa wenyeji bila ya kuulizwa na mtu, kwani miiba yao ina sumu na mlaji wao hayupo. Kisiwa kile kina hifadhi ya bahari tangu 1979, ambako ni marufuku kuokota hata tumbawe lililokufa, na mkuki haukubaliwi majini. Lakini kwa samaki huyo mkuki una ruhusa maalumu. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu wamempa chuma. Nilimsalimu, nikameza maji, naye akabaki pale pale kama balozi asiyejua kwamba hati zake zimefutwa.

Usiku huo nilinyoa sharubu. Mke wangu alinitazama kitambo, akasema kwamba sasa anafahamu kwa nini alikubali posa yangu bila ya kuniona vizuri. Lakini barakoa ilikaa, haikuingia hata chozi, na siku mbili za mwisho niliona mengi ambayo siwezi kuyaeleza kwa kuwa sikuyataja majina nilipoyaona.

Karamu ya kuagana ilikuwa katika mgahawa mmoja wa Kralendijk, mji mkuu. Wakaleta samaki mweupe, mtamu, pembeni ameketi mviringo wa manjano waliouita funchi. Nilionja, nikanyamaza, nikaonja tena. Ilikuwa ni sima ya mahindi, na samaki alikuwa ni yule mtu wa kwetu, aliyekwisha kuondolewa miiba. Nimevuka bara moja na bahari kuu moja, nikapoteza kofia na sharubu, ili nile samaki wa Uswahilini kwa ugali.

Sharubu zimeota tena, ingawa upande wa kushoto umechelewa. Barakoa iko juu ya kabati, nzima, haina mkwaruzo. Na ikiwa wewe msomaji huna sharubu wala maneno mengi, pita Amu uichukue.