Namna ya Kungoja Dola za Msitu Bila Kumuudhi Mtu

Kwanza kabisa, sahau kwamba msitu ni wako. Wazee wa Isangi, Opala na Banalia, huku kwetu Tshopo nchini Kongo (DRC), hupata shida hapa, maana wanajua chini ya kila mti amezikwa nani. Lakini sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya ardhi ya 1973 zilikwisha kumaliza maneno: ardhi na vilivyo chini yake ni mali ya Serikali. Kanuni ya Misitu ya 2002 ikaongeza na miti. Kule Pennsylvania, Marekani, mkulima aliyekaa juu ya gesi mara nyingi ndiye mwenye gesi hiyo. Sheria ya jimbo ya 1979 inamhakikishia angalau sehemu moja ya nane ya gesi inayotolewa, na kampuni ya gesi ikimkata gharama za usafirishaji anatafuta wakili. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo aliishtaki kampuni ya gesi ya Chesapeake Energy kwa makato ya namna hiyo. Wewe unayesoma hapa Lubunga, Kisangani, umeepushwa na usumbufu huo. Kwa sheria wewe si mwenye mali, ni jirani wa mali.

Jirani naye ana chake. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Misitu kinaidai kampuni ya magogo barabara, shule, hospitali na usafiri wa watu na mizigo yao. Agizo la waziri la Juni 2010 likaweka bei: dola 2 hadi 5 za Marekani kwa kila mita ya ujazo, kulingana na daraja la mti. Siku ya kutia saini mkataba na kampuni, vaa vizuri. Usiombe karatasi isomwe kwa lugha ya kijiji. Kifaransa kinatosha, hasa kwa asiyekijua. Zamani kampuni zilikuja na magunia ya chumvi na sukari, sabuni na kreti za bia. Ukiletewa bia hata leo, pokea, ila usiulize imeandikwa upande gani wa hesabu.

Ukifika kwenye kupima, ndipo mngojaji hodari anapojulikana. Usipime. Gogo la urefu wa mita 10 na kipenyo cha mita 1 lina mita za ujazo 7.85. Likipimwa na mkono mwepesi likaandikwa sentimita 90, zinabaki 6.36. Gogo ni lile lile, lori ni lile lile, lakini kwa bei ya dola 5 kijiji kimepoteza zaidi ya dola 7 na hakuna aliyeiba. Sentimita 10 zimesinzia tu. Afrormosia, mti ambao biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES kwa jinsi unavyotamaniwa duniani, unaweza pia kushuka daraja njiani kati ya kisiki na daftari. Usikae kwenye uwanja wa magogo na kalamu mkononi, utaonekana mgomvi. Karani wa kampuni atapima, ataandika, na siku jumla ikiwa tayari atakuletea. Ukitaka kumsaidia, mpe kiti.

Ukishapewa jumla, usiulize pesa ziko wapi. Mapatano ya mfano ya 2010 yaliunda mfuko wa maendeleo ya kijiji, wenye kamati ya usimamizi iliyochaguliwa na wanakijiji, ambamo mjumbe wa kampuni naye anakaa. Kwa mapatano hayo, pesa zenyewe huwekwa kwa kampuni, au kwa mtu wa tatu mkielewana. Narudia, maana wageni hudhani nimesoma vibaya: anayedaiwa ndiye anayehesabu deni, na ndiye anayelala na ufunguo wa sanduku. Shule ikianza kujengwa, mabati na saruji vinaweza kuletwa kutoka Kisangani kwa bei inayoijua kampuni peke yake, na usafirishaji juu yake. Wenzetu wa Pennsylvania wangeitambua mara moja hesabu hiyo ya usafirishaji.

Ukikereka, kuna kamati ya ufuatiliaji, na mwenyekiti wake ni administrata wa teritware. Mwandikie barua. Barabara ya kuipeleka haipo (ndiyo ile mliyoahidiwa), basi ipande mtumbwi.

Jambo moja mwongozo huu unalikataza, na hapa mzaha umekwisha. Mwaka 2011 huko Yalisika, upande wa Bumba, ukishuka mto huu huu wetu wa Kongo, watu waliochoka kungoja shule na zahanati walizoahidiwa na kampuni ya magogo ya Siforco walichukua vifaa vyake. Tarehe 2 Mei polisi na wanajeshi waliingia kijijini. Wanawake walibakwa, watu walipigwa, mtu mmoja alikufa. Mwaka 2013 FSC, shirika la vyeti vya misitu, likavunja uhusiano na Danzer, kampuni iliyomiliki Siforco wakati ule.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama kungoja kumewashinda, nunueni utepe wa kupimia na daftari nene kwenye soko kuu la Kisangani. Wekeni vijana wawili kwenye uwanja wa magogo, mmoja apime, mwenzake aandike namba iliyopigwa kwenye kila gogo, kisha waende kuilinganisha na ya kisiki. Pesa zisilale kwa kampuni. Chagueni huyo mtu wa tatu kabla ya kutia saini, si baadaye. Na nakala ya mkataba msimwachie chefu peke yake.