Sifa za Jalada Lililofungwa

Jalada lililofungwa ni kumbukumbu ya marehemu iliyoandikwa na taasisi iliyomtunza au kumfungia alipokuwa hai, na ambayo jamaa zake hawaruhusiwi kuisoma. Makazi yake ni masijala za hospitali za wagonjwa wa akili, magereza, nyumba za yatima na kambi za kizuizini. Watafuta nasaba hulilalamikia kila siku, wala hajatokea wa kulitetea. Hiyo ni dhuluma. Kati ya watumishi wote wa serikali, hili halijawahi kuchelewa kazini, halijaomba likizo wala nyongeza ya mshahara, na halijawahi kuropoka.

Asili yake ni ya heshima. Kwa upande wa mama limetokana na kiapo cha daktari cha kutunza siri ya mgonjwa. Kwa upande wa baba limetokana na hofu ya ofisi kuulizwa maswali. Mbele ya wageni humtaja mama peke yake.

Umri wake hutofautiana kwa nchi. Nchini Uingereza mazoea ni kuyafungia maandishi ya matibabu kwa miaka 100, kwa hesabu kwamba hata aliyeingia wodini akiwa mchanga atakuwa ameshazikwa. Marekani huficha majina ya sensa kwa miaka 72, kwa mapatano ya 1952 yaliyogeuzwa sheria mwaka 1978. Kwa habari za afya, kanuni ya serikali kuu ya nchi hiyo tangu 2013 ni miaka 50 baada ya kifo, lakini majimbo yana ruhusa ya kukaza zaidi. New York ilikaza. Kwa miongo mingi sheria yake ya afya ya akili haikutaja mwaka wowote wa kufunguliwa, na hivyo jalada la jimbo hilo likapata maisha ya milele ambayo mwenyewe hakuyapata.

Ni katika jimbo hilo, kando ya ziwa Seneca, ndipo jalada lililofungwa lilipofanya kazi yake iliyotukuka zaidi. Hospitali ya Willard ilipokea wagonjwa wa akili kuanzia 1869 hadi ilipofungwa mwaka 1995. Wakati wa kuhama, wafanyakazi walikuta darini zaidi ya masanduku 400 ya safari ambayo wagonjwa waliingia nayo na hawakutoka nayo. Ndani mlikuwa na picha, barua, nguo, saa za mezani, vitu vya mtu anayetarajia kurudi nyumbani. Masanduku yakapelekwa kwenye makumbusho ya jimbo. Mwaka 2008 Darby Penney na Peter Stastny walichapisha kitabu juu ya baadhi ya wenye masanduku, na baadaye mpiga picha Jon Crispin akayapiga picha moja baada ya jingine. Umma ukaonyeshwa kila kitu: soksi, mswaki, barua ya mchumba. Kilichofichwa ni jina la ukoo tu, yaani kile kitu kimoja ambacho jamaa angeweza kukitambua. Kitabuni wagonjwa walipewa majina mengine ya ukoo, na stara ikawa imetimia.

Makaburini kwa Willard stara hiyo inaonekana wazi zaidi. Wamezikwa pale watu zaidi ya 5,700, wengi wao chini ya alama zenye namba bila jina. Mmoja wao ni Lawrence Mocha, mhamiaji kutoka Ulaya ya kati, mgonjwa ambaye kwa miongo kadhaa ndiye aliyewachimbia wenzake makaburi, hesabu yake ikifika kama 1,500, mpaka naye akafa mwaka 1968. Wananchi wa jirani walipotaka kumwekea kibao, ofisi husika ilikumbusha kuwa jina la mgonjwa ni siri yake. Kibao kiliwekwa mwaka 2015, miaka 47 baada ya kifo. Mtu aliyeishi mikononi mwa hospitali kwa miaka yote hiyo hatimaye alipata faragha, tena nyingi.

Jalada lina adabu pia. Halimfukuzi mtu, humwomba alete karatasi. Sheria ya Uingereza ya 1990 kuhusu kumbukumbu za afya inamruhusu msimamizi wa mirathi ya marehemu, au mwenye dai linalotokana na kifo chenyewe, kuomba kusoma, na kimsingi ni yale yaliyoandikwa tangu Novemba 1991. Aliyefia hospitalini mwaka 1931 akiwa hana hata kanzu ya kuzikiwa hakuacha mirathi, na asiye na mirathi hana msimamizi. Kwingineko kitukuu mwenye bidii huenda mahakamani kuomba ateuliwe kusimamia mali ya mtu asiye na mali, ili apate haki ya kuandika barua ya kukataliwa kwa ngazi ya juu zaidi. Kwa njia hii jalada limewarudishia maskini wengi heshima ya kuwa na warithi.

Adabu hiyo hiyo imo katika daftari la wakazi wa Uingereza na Wales la 1939, lililofunguliwa mtandaoni mwaka 2015. Aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita hufunikwa kwa mstari mweusi, isipokuwa ithibitishwe kwamba amefariki. Anayemtafuta shangazi aliyepotea ili ajue kama alikufa hutakiwa kwanza alete cheti cha kifo chake.

Kama mwalimu, jalada lililofungwa halina mfano, kwa kuwa huwafunza wanafunzi wake kwa kukaa kimya. Aliyenyimwa mlango wa mbele hujifunza njia zote za uani: hati za mahakama zilizoamuru mtu apelekwe hospitalini, vyeti vya vifo, magazeti ya wilaya, madaftari ya makaburi. Kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew, London, zipo rejista za kupokelewa wagonjwa wa akili zinazoanzia mwaka 1846, zenye jina, hospitali, tarehe ya kuingia na ya kutoka au kufa. Na Marekani ipo hazina ambayo mlinzi wa siri angeona haya kuitaja. Sensa ya 1880 ilikuwa na majedwali ya pekee ya watu iliowaita wenye kasoro, wategemezi na wahalifu. Katika jedwali la wenye wazimu karani aliandika jina, aina ya ugonjwa, umri wa mtu ulipomshika mara ya kwanza, na kama alikuwa akifungwa mwili au kufungiwa chumbani. Majedwali yaliyosalia yako wazi kwa yeyote. Sensa ya 1950 nayo ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, ikiwa na majina ya waliolala hospitalini siku za kuhesabiwa. Serikali mbili, ya jimbo na ya taifa, zililinda siri ya mtu mmoja kwa pamoja: moja kwa kuficha jina lake, nyingine kwa kulitangaza.

Wapinzani wa jalada wasisahau kwamba lina ndugu mbaya zaidi, ambaye ni jalada lililoteketea. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1931 iliungua yote mjini Hayes mwezi Desemba 1942, na mwaka 1922 kumbukumbu za karne nyingi za Ireland zilisambaa angani juu ya Dublin wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lililofungwa angalau lipo.

Yapo hata yaliyokaribia hatima zote mbili kwa pamoja. Kabla ya Kenya kujitawala mwaka 1963, maofisa wa kikoloni walichambua karatasi zao: nyingine ziruhusiwe kurithiwa, nyingine zichomwe, na majivu yapondwe yasisomeke, nyingine zipelekwe Uingereza. Zilizosafiri zilikaa kimya karibu nusu karne. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Kenya waliopitia kambi za wakati wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, serikali hiyo ililazimika kukiri kwamba kwenye ghala lake huko Hanslope Park kulikuwa na majalada kama 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, ya Kenya pekee yakiwa kama 1,500 katika masanduku 300. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Ni mara chache jalada kumgeuka bwana wake hivyo. Mjukuu wa mfungwa wa kambi ya Manyani anayemtafuta babu yake sasa hahitaji kibali tena. Anahitaji viza na nauli ya kufika Kew, yalikopelekwa majalada hayo, na ambako mara nyingi atakuta hoja za maofisa wakishauriana, na majina ya wafungwa kwa uchache.

Baada ya miaka kutimia, jalada la hospitali hufunguliwa. Kilembwe huketi chumba cha kusomea, penseli mkononi kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi, na kuletewa kitabu kizito cha wodi. Ukurasa wa kwanza umejaa: sura, uzito, rangi ya ulimi, maneno aliyoyasema alipoletwa. Mwaka wa pili ni mistari michache. Kisha huja miaka kumi ya sentensi moja, kwamba hali ni ile ile, na mwisho tarehe ya kifo. Katika baadhi ya vitabu hivyo zimebandikwa barua ambazo mgonjwa aliwaandikia mkewe au watoto wake, na ambazo ofisi haikuzituma. Msomaji anaruhusiwa kuagiza nakala kwa ada ya kawaida. Barua yenyewe hubaki, kwa sababu ni mali ya taasisi.