Yah: Ombi la Kupanga Upya Ratiba ya Mwezi

Kwa Wizara ya Afya, Dodoma.

Wakazi wa Katubuka, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji ambako riziki ya nyumba kadhaa imefungamana na dagaa wanaoshushwa Kibirizi, wanaishukuru Wizara kwa maelekezo yake kuhusu ugonjwa wa upele wa Mpox, ambayo yanaeleweka vizuri hata kwa mwenye njaa.

Kasoro iko kwenye kalenda. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na kwa kuwa taa haina mvuto pale mwezi unapong'aa, mwezi wa mvuvi hugawanyika mara mbili: giza, ambapo mitumbwi huingia majini na fedha huonekana, na mbalamwezi, ambapo vyombo hupumzika na nyumba huishi kwa kukopa dukani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mpox kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa kwa uvuvi baada ya kufungwa tangu tarehe 15 Mei, na siku tano kabla ya mwezi mpevu. Nayo Wizara ikatangaza wagonjwa wawili wa kwanza nchini tarehe 10 Machi 2025, mwezi mpevu ukiwa umebakiza siku nne. Mara zote mbili tangazo lilimkuta msikilizaji akihesabu madeni, na utafiti wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba mkulima yuleyule hufanya vibaya zaidi katika majaribio ya fikra kabla ya mavuno, anapobanwa na fedha, kuliko baada ya kuvuna.

Zito zaidi ni sharti la kujitenga, yaani mgonjwa kukaa peke yake, na kitanda chake na taulo lake, hadi vigaga vidondoke na ngozi mpya iote, jambo linalochukua wiki mbili hadi nne. Kitabibu halina dosari. Ila wiki tatu ni takriban giza zima, na katika chumba kimoja cha kupanga haijulikani nani ajitenge na nani. Anayeona upele giza linapoanza huchagua kati ya zahanati, ambako ataambiwa akae nyumbani, na shati la mikono mirefu, ambalo litampeleka mtumbwini. Na anayemlaumu kwa kuchagua shati aulizwe kwanza mshahara wake huingia tarehe ngapi.

Kwa hiyo wakazi wanaomba matangazo yote yatolewe wakati wa giza, watu wakiwa na fedha ya kusikilizia, na upele wenyewe utokee wakati wa mbalamwezi tu, upone ndani ya siku saba. Wapo waliopendekeza kwamba nyumba ya aliyejitenga ipewe unga na kodi ya chumba kwa wiki hizo, lakini kikao cha wakazi kiliona bajeti haitaruhusu, kikaamua kuanza na lililo jepesi, la kuusogeza mwezi.

Nakala: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa utekelezaji.