Sifa za Chura wa Chaki

Wapo wanaomsifu gorila wa hifadhi ya Tayna, nami siwapingi: hapa Kasugho, mashariki mwa Kongo, kuna hata chuo kikuu cha uhifadhi wa mazingira kwa ajili yake na msitu wake. Mimi namsifu chura. Si yule wa bondeni, la. Ni chura wa chaki, aliyenifungulia njia ya udaktari.

Nilipochagua seksheni ya biokimia, mlango wa kila anayetamani koti jeupe, niliahidiwa labo. Nikaonyeshwa ubao. Mwalimu akachora chura kalala chali, tumbo wazi, akatangaza: "TP imeanza," yaani mazoezi ya labo.

Fadhila kuu ya chura huyu ni kwamba hafi. Kaka yangu alimpasua, mimi nikampasua. Kila jioni hufutwa kwa kitambaa, na mwaka unaofuata hufufuka bila kinyongo. Hanuki. Haruki. Moyo wake una vyumba vitatu kama kitabu kitakavyo, wala hauthubutu kudunda ukamchanganya mwanafunzi. Mishipa yake myekundu ilichorwa kwa chaki nyeupe na kuandikwa pembeni "nyekundu", ili asiyeamini macho yake aamini daftari. Mguu wa nyuma wa kushoto hakuwa nao, maana hapo ndipo ubao ulipopasuka. Nasi tukachora miguu mitatu, tukapata kumi kwa kumi. Aliyeongeza wa nne alikatwa maksi.

Kimia nayo ilikuwa na bureti isiyovunjika, asidi isiyounguza, na fenolftaleini iliyogeuka waridi palepale mwalimu alipoandika "waridi". Sikuwahi kukosea jaribio hata moja. Pasteur mwenyewe hakuwa na bahati hiyo.

Na unafuu wake je! Chura huyu hagharimu zaidi ya kipande cha chaki, kwa hiyo pesa ya labo tuliyolipa kila muhula ilibaki nzima kabisa, sijui wapi. Risiti ninayo. Muhuri wake ndio kifaa pekee cha labo nilichopata kukigusa.

Hapo utani hunishinda. Usiku vyura wa bondeni walilia hadi tukakosa usingizi: wa bure, tele, hatua chache kutoka darasani, na wembe upo dukani. Hakuna aliyewaita. Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ulioanza mwaka 1967, hauulizi mkono wako umeshika nini. Unauliza utie alama kwenye herufi ipi. Shule ikajua la kufundisha, na la kutoza.

Mwaka wa kwanza wa udaktari, huko Butembo, niliinamia mikroskopu kwa mara ya kwanza maishani. Saa nzima nikachora kwa makini sana kope zangu mwenyewe. Msimamizi akanipa maksi za seli.

Kisha tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, na Beni ikaletewa labo ya kweli, yenye mashine za GeneXpert zinazotoa jibu kwa saa chache. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mitaani wengi walisema ni biashara tu, hakuna virusi, kuna watu wanakula pesa. Niliwakasirikia, msomi mzima mimi. Nikawauliza hiyo biashara ya labo wameiona wapi. Baadaye nikaikumbuka risiti yangu. Mtu ambaye tangu utotoni hajaonyeshwa hata tone la maji ya mto chini ya kioo, ila alilipishwa, utamwambia nini?

Mpwa wangu ameingia biokimia mwaka huu. Kanionyesha daftari: chura kalala chali, "nyekundu" pembeni, miguu mitatu. Ubao haujazibwa. Jana akapiga simu: "Mjomba, wanadai pesa ya labo, kesho wanafukuza." Nimemtumia, nikaongeza na ya chaki nyekundu.