Kupanda Lushoto Kutazama Mombo

Nani aliwaambia watu wa Tanga kwamba hewa inafuatwa? Hewa huja yenyewe, bure, kutoka baharini kila alasiri, na wazee wetu walijenga baraza ili waipokee wakiwa wamekaa. Lakini shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ameingia katika mambo ya utalii wa ndani, na mtu akishaingia huko hatulii mpaka awavute na wengine. Akatangaza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba Jumamosi tunapanda Lushoto, asubuhi kwenda, jioni kurudi, "tukabadilishe hewa." Hii tuliyonayo ina kasoro gani, hakuna aliyeuliza. Watu walijibu kwa vidole gumba.

Kwenda na kurudi siku moja maana yake ni kuamka saa tisa usiku, saa ambayo hata muadhini bado anageuka upande wa pili. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Wajerumani walianza kujenga reli yao kutoka Tanga mwaka 1893 wakafika Mombo mwaka 1905. Zamani nilikuwa nawaona wazembe. Sasa nimepanda Coaster inayosimama kwa kila aliyenyoosha mkono, hata yule aliyekuwa anajinyoosha tu kwa uchovu, na nimeanza kuwaheshimu.

Mombo ndipo lami inapoamua kwenda mbinguni. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mimi ni mtu wa usawa wa bahari wenyewe. Nikipanda ngazi za benki huwa napumzika katikati. Njia ni kona tupu, upande mmoja jabali, upande wa pili hakuna kitu. Dereva wetu alikuwa anasimulia kisa, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, kila alipofika penye utamu aligeuka kuwatazama wasikilizaji. Tulipofika Soni shemeji akapiga kelele, "Shemeji, ona maporomoko ya maji hayo!" Sikuyaona. Nilikuwa nimefumba macho kwa sababu za kidini.

Huko huko Soni akaanza somo la historia. Vuga haiko mbali na hapo, akasema, ndiko ulikokuwa mji wa wafalme Wakilindi, na Mbegha mwenyewe alikuwa mgeni tu, mwindaji aliyetoka Nguu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya Wasambaa, akawagawia nyama, wakampa ufalme. Nikasikiliza kwa wivu. Mtu anapanda mlima huu anapewa kiti cha enzi na wake. Mimi tangu asubuhi nimepewa risiti.

Mji wenyewe, tuseme haki, ni mzuri. Miti mirefu, maua mpaka kwenye mitaro, nyumba za kale zilizoezekwa kana kwamba theluji ilikuwa inatarajiwa wiki ijayo. Wajerumani waliokimbia joto na mbu wa pwani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, ambaye yeye mwenyewe hakuja kuuona. Mtu mwenye busara. Shemeji akatupanga mbele ya kila ukuta wenye nyufa tupigwe picha. Nikamkumbusha kwamba Bombo pale nyumbani kuna jengo la hospitali la Wajerumani hao hao, linaitazama bahari, na sijamwona akilitolea simu hata mara moja. Akasema lile la kwetu limechakaa. Nyufa za Bombo ni uchakavu, za Lushoto ni historia.

Halafu baridi. Nilikuwa na shati la mikono mifupi, maana mwezi wa saba kwetu ni mwezi wa saba tu. Mjini nikawaona vijana wamevaa suti nyeusi kamili, nikadhani kuna msiba mkubwa. Kumbe ni wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ndio peke yao waliovaa kulingana na hali ya hewa. Nikakimbilia kwa kijana wa mitumba.

"Shikamoo mzee. Umetoka Tanga?"

"Marahaba. Umejuaje?"

"Unatetemeka, mzee."

Akishajua umetoka wapi na unatetemeka kiasi gani, bei haina mjadala. Nikatoka na sweta jekundu lenye kulungu kifuani, amesimama kwenye theluji, anacheka. Mke wangu aliniangalia, akaangalia pembeni, akaenda kusimama karibu na watu wengine.

Shemeji hakuridhika. Tulikuwa hatujafika Irente, na bila Irente, alisema, mtu hajafika Lushoto. Tukaambiwa ni hapo tu. Sasa "hapo tu" ya mtu wa milimani ni kilomita tano na zaidi, kupanda na kushuka, na hukuambia hivyo kwa nia njema kabisa. Njiani bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akatufikia, akatusalimu, akatujulia hali, akatupa pole, na wakati mimi natafuta pumzi ya kumjibu alikuwa keshaikata kona. Umri wake ungetosha kuwa mama yangu.

Tukafika. Tukalipa. Tukasimama kwenye jabali, na kweli ardhi inakwisha pale, inakatika tu, na mbele yako kuna anga. Watu wote wakasema "aaah." Nikauliza, ule mji mdogo kule chini, wenye mabati yanayometameta, ni wapi?

"Mombo," akasema kijana mwenyeji.

Mombo! Mombo tuliyoipita asubuhi, tukanunua machungwa dirishani, hakuna aliyesema aaah. Na mistari ile iliyonyooka vizuri? Mkonge. Mkonge nimekua nao jamani, marehemu baba ameukata mpaka mikono ikawa sugu. Mjerumani Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini, na kutokana na hiyo 62 mkoa mzima ukachomwa miiba. Leo nimepandishwa mlima nitoe hela kuutazama kwa mbali, nikiwa nimevaa kulungu. Watu wanakimbia joto la bondeni, wanakuja kwenye baridi, na wakishafika kwenye baridi kazi yao kubwa ni kusimama ukingoni na kulitazama bonde. Nikamwambia shemeji hivyo. Akaniambia nisogee kidogo kushoto, naziba mandhari.

Shamba la Irente wanauza jemu, mkate mweusi wa rai na jibini. Jibini nilionja. Sitasema zaidi.

Balaa lilikuwa sokoni. Shemeji alipoona kabichi kwa bei ya shamba akili ikamruka. Akanunua kabichi, karoti, viazi, plamu, peasi, akazitia kwenye viroba, na kwa kuwa buti ya gari ilijaa, viroba vikapakatwa na mwanamume wa msafara. Nikamweleza kwa upole kwamba kabichi hizi hizi hushushwa Mgandini kwa lori alfajiri, dakika chache kutoka mlangoni kwake, na kwamba kabichi hailipi nauli. Akasema za huku ni mbichi. Nikauliza, kwani za Mgandini zimepikwa?

Kona ya kwanza ya kuteremka nilizidhibiti. Ya pili, kiroba kikafunguka. Kabichi zikashika njia katikati ya viti, moja baada ya nyingine, zikaenda mpaka miguuni kwa dereva, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anamalizia kile kisa cha asubuhi. Konda akasimama, kabichi mkononi.

"Za nani hizi?"

Kimya. Mke wangu akachungulia dirishani, giza lote lile. Shemeji akainua kidole taratibu, akanielekezea.

"Za mzee wa kulungu."